Maswali ya Santuri: “Malaika” ni ya nani, na wewe unayo ipi?

Barua za toleo hili zimetoka kusini mwa Tanzania, na karibu zote zinahusu wimbo mmoja. Tumezipanga kuanzia ile iliyohitaji maelezo marefu. Za kusafisha na kuhamisha sauti zimefuata.

Swali: Nani mwenye “Malaika”?

*Ndugu Mhariri, salaam. Barazani kwetu Mikindani ubishi hauishi. Wazee wanasema “Malaika” ni ya Fadhili William, Mkenya. Mwalimu mmoja mstaafu anasema aliyetunga ni Mtanzania, Adam Salim, na Wakenya wameuchukua tu. Vijana nao wanasema ni ya Miriam Makeba, na yupo anayeapa kwamba ni ya Boney M. Tuamulieni.*

Jibu: Mnabishana juu ya maswali matatu mkidhani ni moja. Kuna aliyeutunga wimbo, kuna aliyeurekodi kwanza, na kuna aliyeutoa nje ya Afrika Mashariki.

Tuanze na lililo wazi zaidi, la kurekodi. Aliyeutia kwenye santuri kwanza ni Fadhili William Mdawida, Mtaita aliyezaliwa mwaka 1938. Aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na kundi lake la Black Shadows. Mwaka 1963 ukarekodiwa upya Equator Sound Studios, studio ya Nairobi iliyokuwa chini ya Charles Worrod. Hapo Fadhili alikuwa miongoni mwa nguzo za Equator Sound Band, pamoja na Daudi Kabaka na wale Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kwa hiyo hata santuri ya Fadhili si moja. Mkisikiliza mbili zenye jina lake na mkaona magitaa hayafanani, msiseme mmojawapo ni wa bandia. Huenda mnasikia siku mbili tofauti za kazi.

La kuutoa nje nalo halina utata mkubwa. Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani waliuimba pamoja kwenye santuri ndefu ya RCA Victor iliyotoka mwaka 1965, “An Evening with Belafonte/Makeba”. Santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na Makeba akaendelea kuuimba majukwaani kwa miaka mingi. Mwaka 1967 vijana wa Sweden, Hep Stars, wakaurekodi. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa ABBA. Boney M, kundi la mtayarishaji Mjerumani Frank Farian, wakautoa mwaka 1981 kwa mdundo wa disko. Angélique Kidjo wa Benin akautia kwenye albamu yake “Logozo” ya mwaka 1991. Anayeapa kwa Boney M amechelewa miaka 20.

Limebaki la utunzi, na hapo mwalimu wenu ana hoja. Simulizi inayoshikiliwa zaidi upande wetu wa mpaka inasema Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, aliutunga kati ya 1945 na 1946 akiishi Nairobi. Aliutunga kwa ajili ya binti aliyempenda, ambaye wazazi walimkatalia wakamwoza kwa mtu mwenye mali. Kenya kwenyewe kuna madai mengine: Grant Charo, rafiki wa Fadhili tangu utotoni, ametajwa, na Lucas Tututu wa Mombasa naye ametajwa. Fadhili, mpaka alipofariki mwaka 2001, alishikilia kwamba wimbo ni wake.

Katika madai hayo, la Adam Salim ndilo lililotimia zaidi kwa maelezo: mahali papo, miaka ipo, na sababu inaingia vizuri katika maneno ya wimbo wenyewe, ambayo ni kilio cha kijana asiye na mali ya kuolea. Linaendana pia na jinsi nyimbo zilivyoishi enzi hizo. Wimbo uliweza kuzunguka kwenye kumbi za starehe na sherehe za nyumbani miaka 15 kabla ya mtu yeyote kuupeleka studio, na aliyefika studio kwanza ndiye jina lake lililopigwa chapa kwenye lebo. Kwa hiyo lebo haithibitishi utunzi. Lakini wala maelezo mazuri ya mdomoni hayauthibitishi, hasa yakitolewa baada ya wimbo kuanza kuleta fedha. Kitu ambacho kingekata shauri ni daftari au barua yenye maneno ya wimbo na tarehe ya kabla ya 1960, au santuri ya zamani kuliko ya Fadhili, au kumbukumbu za redio za miaka ya 1950 zinazoutaja. Yeyote kati yenu mwenye makaratasi ya mzee wa familia aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa wakati huo ayakague kabla mchwa hawajayakagua.

Mpaka hapo, semeni hivi na hamtakosea: “Malaika”, uliorekodiwa kwanza na Fadhili William, na ambao Adam Salim anatajwa kuwa mtunzi wake. Yeyote akiitambulisha redioni kuwa “wimbo wa Makeba”, msahihisheni bila haya. Makeba aliuimba kwa namna ambayo wachache wameifikia, lakini aliukuta umeshaimbwa.

Swali: Lebo imefutika, nitajuaje ni santuri ipi?

*Shikamooni. Mimi niko Lindi mjini. Marehemu babu ameacha santuri kama 40. Moja ni ndogo, ina “Malaika”, lakini lebo imeliwa na unyevu, yanasomeka maneno mawili matatu tu. Pia kuna kubwa ya Belafonte ambayo watu wanasema ina “Malaika”, ila nimesoma orodha yote nyuma ya jalada sijauona. Nisaidieni.*

Jibu: Marahaba. Ile kubwa tuimalize haraka. Kwenye santuri ya Belafonte na Makeba ya 1965 orodha inautanguliza wimbo kwa jina la Kiingereza, si la Kiswahili. Unaanza na “My Angel”. Utafute kwa jina hilo. 

Ile ndogo inahitaji kazi. Kwanza pima upana. Ya inchi 7, yaani sentimita 17 na nusu hivi, nyepesi na inayopinda kidogo, ni ya mizunguko 45 kwa dakika. Ikiwa ni ya inchi 10, nzito, ngumu kama sahani ya udongo, hiyo ni ya mizunguko 78, iliyotengenezwa kwa shelaki, na ikianguka sakafuni inavunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Afrika Mashariki ilikuwa ikihama kutoka ya pili kwenda ya kwanza, kwa hiyo msishangae kuzikuta zote mbili katika sanduku moja.

Kisha shika santuri kwa kingo, ilaze chini ya taa ya pembeni, uangalie ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hapo kuna herufi na namba zilizochongwa au kupigwa mhuri kwenye plastiki yenyewe. Hizo hazifutwi na unyevu. Ziandike zote kama zilivyo, pamoja na vistari na herufi ndogo, za upande A na upande B. Namba hizo ndizo zinazotambulisha sauti iliyomo; namba ya kwenye lebo ni ya bidhaa, na wimbo uleule unaweza kutolewa tena kwa namba nyingine. Ukishindwa kuzisoma, pitisha chaki nyeupe juu yake taratibu kwa ncha ya kidole, uzipige picha, kisha futa unga wote kabla ya kucheza. Chaki isiingie kwenye mifereji ya muziki.

Baada ya hapo tumia masikio. Ukisikia mwanamume mmoja mbele na magitaa ya Nairobi nyuma yake, upo kwa Fadhili au kwa mmoja wa walioufuata mtindo wake. Mwanamume na mwanamke kwa pamoja ni Belafonte na Makeba. Ngoma ya disko iliyonyooka mwanzo hadi mwisho na waitikiaji wengi ni Boney M, na kwa nakala ya Ujerumani lebo yake ni Hansa. Kiswahili chenye lafudhi ya mbali sana, kundi la vijana wa kiume, ala za popu ya Ulaya: jaribu Hep Stars. Kidogo hapa muwe waangalifu, maana bendi nyingi za hoteli za Mombasa nazo ziliurekodi kwa ajili ya watalii, na hizo hufuata Fadhili kwa karibu mno. Usiamue kwa sikio tu kabla ya kusoma namba.

Jambo la mwisho kuhusu sanduku la babu. Bendi za Tanzania za miaka hiyo zilirekodi kwa sehemu kubwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri nyingi zilizouzwa hapa zilitoka Nairobi. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, na mkondo huo ukakatika. Kwa hiyo santuri ya Nairobi iliyokutwa Lindi, mara nyingi, ilifika kabla ya mwaka huo. Usichane jalada la karatasi hata kama limeoza. Mihuri ya duka na bei zilizoandikwa kwa kalamu ni ushahidi.

Swali: Wimbo uko chini, gitaa halifuati

*Wahariri, mimi ni mpiga gitaa Masasi. Nimeletewa mashine ya santuri na ndugu aliyekuwa Marekani, tunaitumia na transfoma. “Malaika” ya Fadhili inatoka sauti nzito, kama mtu aliyechoka, na nikitaka kupiga nayo gitaa hakuna kodi (chord) inayokaa sawa. Je, sauti yake ilikuwa hivyo au santuri imeharibika?*

Jibu: Santuri yako ni nzima na Fadhili hakuwa amechoka. Umeme ndio uliokudanganya.

Transfoma yako inashusha volti 230 za hapa kuwa 110 za Marekani, na hilo ni sahihi. Lakini haibadilishi mapigo ya umeme. Wa Marekani una mapigo 60 kwa sekunde, wa kwetu 50. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo hayo kama mtumwa. Ikiletwa hapa inazunguka kwa kasi ya 50 kwa 60, yaani tano ya sita. Santuri ya 45 inazunguka mara 37 na nusu kwa dakika, na wimbo unashuka kwa zaidi kidogo ya nusu-tone tatu, yaani vibao vitatu vya gitaa. Hiyo “zaidi kidogo” ndiyo inayokunyima kodi: umeangukia katikati ya funguo mbili.

Hakikisha kwanza kabla ya kufungua mashine. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani ya mashine, weka santuri na sindano juu yake (mzigo wa sindano hupunguza kasi, usipime bila huo), kisha hesabu kwa saa. Kwa 45, karatasi lazima ipite mbele yako mara 45 kwa dakika moja. Kwa 33 na theluthi, hesabu dakika tatu upate 100. Ukipata 37 au 38 pale ulipotaka 45, tatizo ni hilo la mapigo. Ukipata 43 au 44 tatizo ni mkanda uliolegea, au mafuta yaliyoganda kwenye ekseli. Kasi inayopanda na kushuka, sauti ikiyumba kila mzunguko, ni santuri iliyopinda au tundu la katikati lisilo katikati. Kwa kasi inayoyumba bila mpangilio, angalia mkanda.

Dawa ya mapigo ni kubadilisha puli, kile kigurudumu kidogo cha shaba kwenye mota. Kinachotakiwa ni kipana zaidi kwa asilimia 20: kama chako ni milimita 10, unahitaji 12. Fundi wa lathe, mashine ya kukereza chuma, anaweza kukichonga, ila umpe kipimo cha kalipa (caliper), si cha rula. Kosa la asilimia 6 tu linahamisha wimbo kwa nusu-tone nzima. Kwa mashine ya mota ya betri au ya umeme mnyoofu (DC) hili lote halikuhusu. Hizo zina skrubu ndogo ya kasi, mara nyingi chini ya tundu la mota, na unaigeuza kidogokidogo huku ukihesabu.

Kama hutaki kugusa mashine, rekodi kama ilivyo kwenye kompyuta, kisha ongeza kasi kwa asilimia 20 kwenye programu ya sauti. Chagua ile inayobadilisha kasi na sauti kwa pamoja. Ile inayobadilisha urefu bila kugusa sauti itakuacha palepale.

Sasa gitaa. Wimbo umesimama juu ya kodi tatu: ya kwanza, ya nne na ya tano ya ufunguo wowote utakaochagua. Kwa G ni G, C na D7. Kwa D ni D, G na A7. Wanaoanza hukosea sehemu moja: wanaingia kwenye kodi ya tano mapema, pale sauti inapopanda, kisha hawana pa kwenda mstari unapofunga. Subiri neno la mwisho la mstari likuite. Mkono wa kulia usiwe na haraka. Besi kwa kidole gumba, nyuzi tatu nyembamba kwa vidole vingine, na uache nafasi. Magitaa ya Nairobi ya enzi ile yalijibizana, hayakurundikana. Mkiwa wawili, mmoja akae kwenye kodi fungu la chini la shingo, mwingine akokote vipande vifupi juu kati ya mistari ya mwimbaji, asipige wakati mwimbaji anaimba.

Swali: Ukungu, joto na maji ya chumvi

*Niko Mtwara mjini, Shangani, karibu na bahari. Santuri zangu zimeota madoa meupe na nyingine zimepinda. Jirani kaniambia nizifute kwa spiriti, mwingine kaniambia mafuta ya nazi. Nifanye nini?*

Jibu: Mafuta ya nazi hapana, kabisa, hata tone. Yataingia kwenye mifereji, yatashika vumbi, na sindano italima tope. Spiriti nayo inategemea. Kwa santuri za 78 ni sumu: shelaki huyeyuka kwenye spiriti, na utafuta wimbo wenyewe. Kwa za plastiki za 45 na 33 haziyeyuki, lakini hamna haja.

Madoa meupe ni ukungu, na ukungu hufa kwa kuoshwa na kukaushwa. Tafuta maji yaliyosafishwa ya kujazia betri, yale ya chupa. Soma chupa mara mbili, maana dukani huwekwa rafu moja na asidi ya betri. Lita moja ya maji hayo, matone mawili au matatu ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na mchanga. Maji ya bomba ya pwani, na ya kisima zaidi, yakikauka huacha chumvi, ndiyo maana tunakataza.

Funika lebo kwa mfuniko wa plastiki unaotosha, au ikiwa huna, uishike isilowane. Lowanisha brashi laini ya kupakia rangi, zungusha kufuata mifereji, usikate katikati. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Futa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi kisichotoa nyuzi, kisha isimamishe kivulini kwenye upepo mpaka ikauke kabisa, na bora usiku kucha. Jalada la ndani la zamani lenye ukungu litupe, ila lile la nje lenye maandishi libaki. Ukirudisha santuri safi kwenye karatasi chafu umefanya kazi bure. Fanya kazi hii nje na ufunike pua; vumbi la ukungu halifai kifuani.

Zilizopinda zimepindishwa na joto la mabati na kulazwa moja juu ya nyingine. Plastiki huanza kulegea kwenye joto lisilo kubwa sana, na chumba chenye mabati bila dari kinaweza kulifikia saa nane mchana, kama pia kiti cha gari lililoegeshwa juani. Santuri zisimamishwe wima, zisibanwe wala zisilale kwa mshazari, kwenye kabati la ukuta wa ndani ambao jua la jioni haliufikii, inchi moja na zaidi juu ya sakafu. Weka humo vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mabegi, na uvibadilishe masika yanapoanza. Iliyopinda kidogo ilaze kati ya vioo viwili bapa, kitabu kizito juu, kwa wiki kadhaa mahali penye joto la kawaida. Usiipashe kwa pasi wala juani. Ya 78 iliyopinda iache hivyohivyo, utaivunja.

Na kama sindano inaruka, usiweke sarafu juu ya kichwa chake. Ni mazoea ya muda mrefu na yameua santuri nyingi. Sindano ya kawaida ya leo inataka uzito wa gramu 1.5 hadi 3. Sarafu inaongeza gramu kadhaa na inachonga plastiki kila mzunguko. Kinachoruka kwa kawaida ni uchafu, au mashine isiyokaa sawa mezani. Weka glasi ya maji juu ya mashine uone maji yanaelekea wapi, kisha inua mguu wa upande huo.

Swali: Harusini tupige ya nani?

*Naandika kutoka Newala. Mimi ni mwimbaji wa kike, nimeombwa “Malaika” harusini. Nifuate nani? Na je, mwanamke aseme “ningekuoa”?*

Jibu: Makeba na Kidjo waliimba kama wimbo ulivyo, kwa sauti ya kijana wa kiume anayesimulia. Nawe imba hivyo. Msikilizaji anaelewa kwamba unabeba maneno ya mtu mwingine, na ukibadilisha kitenzi hicho mizani ya mstari inavunjika.

Ila kumbuka anachosema huyo kijana: mali hana, kwa hiyo hawezi kuoa. Si wimbo wa kumwingizia bwana harusi ukumbini, mbele ya wakwe waliomaliza kuhesabu mahari. Uweke wakati wa chakula, watu wametulia. Fuata mwendo wa Makeba kwa sauti yako, na kodi za Fadhili kwa mpiga gitaa. Kama ufunguo wa D unakukaba juu, mwambie ashuke C. Akipenda maumbo ya G, abane kepo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye kibao cha tano.

Swali: Kuhamishia kwenye simu, na kurekodi upya

*Nachingwea. Nina 45 moja ya “Malaika” na 78 mbili za nyimbo nyingine. Nimeunganisha mashine kwenye redio ya kawaida, sauti ni ndogo na nyembamba, haina besi. Nataka kuzihifadhi kabla hazijafa. Pia kikundi chetu kinataka kuurekodi upya, tunaruhusiwa?*

Jibu: Sauti nyembamba ni kwa sababu umechomeka mashine kwenye tundu lisilo lake. Kichwa cha sindano cha sumaku kinatoa umeme mdogo sana, milivolti 5 hivi, na santuri zilikatwa makusudi besi ikiwa imepunguzwa. Kinahitajika kikuza sauti kinachoirudisha, ama tundu lenye maandishi PHONO kwenye amplifaya ya zamani, ama kisanduku kidogo cha fono kinachouzwa peke yake. Unganisha na waya wa ardhi wa mashine, ule mwembamba wenye kichwa cha uma. Ukiuacha unaning’inia utasikia mvumo.

Kwa 78 badilisha sindano. Mifereji yake ni mipana, inataka ncha ya maikroni 70 na zaidi, wakati ya 45 inataka 18 hadi 25. Ndogo kwenye mfereji mpana inazama chini na kusoma takataka. Kama mashine yako haina kasi ya 78, zicheze kwa 45 ukirekodi, kisha ongeza kasi kwa asilimia 73.3 kwenye kompyuta.

Tumia programu ya Audacity, haina malipo. Rekodi kwa WAV, si MP3. Kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Ukigonga juu sauti inakatika na hairudi. Wimbo wa dakika tatu kwa kipimo cha CD utachukua takriban megabaiti 30. Santuri za enzi hiyo nyingi ni za mono, yaani sauti ni ileile kwenye spika zote mbili, kwa hiyo unganisha chaneli mbili kuwa moja na nusu ya kelele itapungua. Nakala ghafi usiisafishe wala kuikata. Safisha nakala ya pili, na kwa kiasi: kipunguza kelele kikizidi kinakula pumzi ya mwimbaji na mkwaruzo wa nyuzi. Jina la faili libebe lebo, namba ya santuri na zile namba za kuchongwa. “Malaika mpya mwisho 2” haitamsaidia mtu miaka 10 ijayo. Hifadhi mahali pawili, na simu isiwe mojawapo.

Kuhusu kurekodi upya: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Fadhili William, ambaye jina lake limesajiliwa na kupigwa chapa mara nyingi zaidi, alifariki 2001, kwa hiyo msiuchukulie wimbo kuwa hauna mwenyewe. Kuimba harusini ni jambo moja, kuuza au kupandisha kwenye mitandao ni jingine. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na jina la wimbo, majina yote yanayotajwa kuwa watunzi, na idadi ya nakala au mitandao mnayokusudia, muulize kibali kinaombwa kwa nani, na mkipate kwa maandishi kabla ya kuingia studio. Kutumia kipande cha santuri ya zamani ndani ya wimbo wenu ni ruhusa ya pili, ya mwenye sauti iliyorekodiwa, na haitolewi pamoja na ile ya mtunzi. Kwenye jalada lenu msiandike “wimbo wa asili”. Andikeni majina.